Glavu za pikipiki

Glavu za pikipiki ni mavazi ya mikono yanayovaliwa na waendeshaji wa pikipiki ili kulinda ngozi, mifupa na mishipa ya mkono wakati wa kuanguka, na pia kuzuia baridi, jua, upepo na malengelenge wakati wa safari. Hutofautiana na glavu za kawaida za pamba au sufu kwa sababu kiganja chake ni kigumu zaidi, mishono yake imeimarishwa na kwenye kifundo cha mkono kuna mkanda wa kuzifunga.

Katika jiji la Mwanza na miji mingine ya mwambao wa Ziwa Viktoria, pikipiki ni chombo cha kazi. Dereva wa bodaboda huwa na mikono kwenye usukani kuanzia alfajiri hadi usiku, kwenye jua, vumbi na mvua, na mara nyingine akiwa amebeba tenga la samaki nyuma. Kwa mtu huyo uimara wa glavu una maana mbili. Ya kwanza ni miezi ambayo glavu itadumu mikononi kabla ya kuchakaa. Ya pili ni sekunde ambazo itastahimili msuguano wa barabara siku ya kuanguka. Glavu nyingi zinazouzwa zina uimara wa aina moja tu kati ya hizo mbili, na baadhi hazina hata mmoja. Anayechagua glavu anahitaji kuangalia zote mbili.

Mkono wakati wa ajali

Mtu anayeanguka hutanguliza mikono bila kufikiri. Hiyo ni hisia ya asili ya mwili, na hata dereva mzoefu hawezi kuizuia. Kwa sababu hiyo kiganja ni moja ya sehemu za kwanza kugusa lami.

Kila mkono una mifupa 27, na 8 kati yake ni mifupa midogo ya kifundo. Kiganja kikinasa barabarani huku mwili ukiendelea kwenda mbele, kifundo hupindwa kwa nyuma. Mfupa wa skafoidi, ulio kwenye kifundo upande wa kidole gumba, huvunjika mara nyingi kwa namna hiyo. Damu huufikia kwa njia chache, kwa hiyo hupona polepole, na usipotibiwa vizuri unaweza kuacha maumivu ya kudumu.

Jeraha lingine la kawaida ni kuchubuka. Mtu anayeteleza juu ya lami kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa huanza na kasi ya takribani mita 14 kwa sekunde, na kwa makadirio ya kawaida ya msuguano huchukua zaidi ya sekunde 2 kusimama. Kutoka kilomita 80 kwa saa, muda huo hukaribia sekunde 4. Ngozi tupu ya mkono haiwezi kuvumilia hata sehemu ya muda huo bila kuchubuka vibaya. Ngozi ya kiganja ni ya pekee, kwa kuwa ni nene na imeshikamana na tishu za chini yake ili mtu aweze kushika vitu. Kovu lililokaza kiganjani hupunguza uwezo wa kufunga na kufungua mkono.

Kwa dereva wa bodaboda, mkono wa kushoto ndio unaoshika klachi, na wa kulia ndio unaotoa mafuta na kukamata breki ya mbele. Akiumia kiganja kimoja tu hawezi kuendesha, na ikiwa pikipiki si yake bado anadaiwa hesabu na mwenye chombo. Jeraha ambalo hospitalini linaonekana dogo linaweza kumkosesha kipato kwa wiki kadhaa.

Nafasi ya glavu kati ya vifaa vya kinga

Glavu hazichukui nafasi ya kofia ngumu. Mwaka 2010 madaktari wa Hospitali ya Bugando walichapisha katika jarida la utafiti wa afya la Tanzania matokeo ya uchunguzi wao kuhusu majeraha ya pikipiki jijini Mwanza. Majeraha ya mifupa na misuli pamoja na yale ya kichwa yalikuwa miongoni mwa yaliyoonekana zaidi. Mapitio ya tafiti za nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takribani asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa takribani asilimia 69. Kwa hiyo mtu mwenye fedha za kifaa kimoja tu anunue kwanza kofia ngumu iliyo nzima, kisha glavu.

Hata hivyo faida ya glavu nayo imepimwa. Utafiti wa Australia ulioongozwa na Liz de Rome na kuchapishwa mwaka 2011 ulifuatilia waendeshaji 212 waliopata ajali. Waliovaa glavu za pikipiki walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kulazwa hospitalini kuliko wale ambao hawakuvaa. Utafiti huohuo ulionyesha jambo la pili: takribani robo ya glavu zilizokuwa kwenye ajali hizo, yaani asilimia 25.7, ziliharibika kiasi cha kushindwa kazi yake. Hizo zilikuwa glavu za pikipiki, si za kufanyia kazi shambani. Maana yake ni kwamba jina la "glavu za pikipiki" pekee halitoshi. Ubora wa glavu yenyewe ndio unaoamua.

Malighafi

Ngozi ya ng'ombe. Ni nene, hustahimili msuguano vizuri na hupatikana kwa wingi. Udhaifu wake ni uzito, na mara ya kwanza huwa ngumu mpaka izoee mkono.

Ngozi ya mbuzi. Ni nyembamba na laini kuliko ya ng'ombe, lakini nyuzi zake zimesukana vizuri, kwa hiyo ina nguvu kubwa kulingana na unene wake. Dereva huhisi klachi na breki vizuri zaidi. Kwa kazi ya kutwa kwenye joto huwa chaguo zuri, hasa ikiwa kiganja kimewekwa tabaka mbili.

Ngozi ya suedi. Hutokana na tabaka la ndani la ngozi lililochanwa kutoka kwenye uso wake. Ni rahisi zaidi, lakini hunyonya maji na hulika mapema. Inafaa kama kiraka cha ziada kiganjani kuliko kuwa ngozi kuu ya glavu.

Nguo za nailoni na poliesta. Hutumika zaidi mgongoni mwa mkono kwa sababu ni nyepesi na hupitisha hewa. Zikisuguliwa kwa kasi hupata joto na kuyeyuka, kwa hiyo hazifai kuwa kinga pekee ya kiganja.

Nyuzi za aramidi. Ni nyuzi imara zisizoyeyuka kwa urahisi. Inayojulikana zaidi ni Kevlar, iliyotokana na kazi ya mwanakemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont nchini Marekani mwaka 1965. Katika glavu huwekwa kama bitana chini ya ngozi ya kiganja.

Ngozi bandia. Huitwa pia reksini. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Ikiwa mpya hung'aa kuliko ngozi halisi, lakini jua na jasho huifanya ipasuke na kubanduka magamba. Barabarani plastiki ya juu huondoka mara moja na kubakiza kitambaa chembamba.

Njia rahisi ya kutofautisha ngozi halisi na bandia ni kutazama ukingo uliokatwa, kwa kawaida ndani ya mdomo wa glavu. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana, zisizo na mpangilio. Reksini huonyesha tabaka la plastiki juu na kitambaa kilichofumwa chini. Alama nyingine ni kukunja: ngozi halisi hufanya mikunjo midogo isiyolingana na kurudi, ilhali reksini hufanya mkunjo mmoja mkali.

Kanda ya Ziwa ina ng'ombe wengi, hasa katika maeneo ya Wasukuma, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ina kampasi jijini Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi na utengenezaji wa bidhaa zake. Ngozi zinazofaa zaidi kwa glavu ni zile zilizosindikwa kwa chumvi za kromu, kwa sababu hubaki laini hata zikilowa na kukauka mara nyingi. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama miwati, hufaa zaidi kwa mikanda na soli kwa kuwa huelekea kukakamaa ikilowa na kukauka.

Sehemu za kukagua

Mishono. Glavu nyingi hufa kwenye mshono kabla ya ngozi yenyewe kuchoka. Mshono mmoja uliopita katikati ya kiganja ni mahali pabaya, kwa kuwa ndipo panapogusa barabara. Glavu nzuri ina mishono miwili sambamba kwenye kiganja na kwenye kidole gumba, au imeweka kiraka cha ngozi juu ya mshono. Uzi wa pamba huoza kwa jasho; wa nailoni au poliesta hudumu, na poliesta huvumilia jua zaidi. Mashimo ya sindano yaliyokaribiana mno pia ni kasoro, maana huifanya ngozi ichanike kwa mstari kama karatasi iliyotobolewa.

Kiganja. Sehemu ya chini ya kiganja, karibu na kifundo, inahitaji tabaka la ziada. Baadhi ya glavu zina kipande cha plastiki laini hapo. Kazi yake ni kuufanya mkono uteleze badala ya kunasa, na hivyo kupunguza mpindo unaovunja mifupa ya kifundo. Sponji nene kupita kiasi haisaidii, kwa sababu humfanya dereva akaze mkono zaidi kushika usukani na kuchoka mapema.

Vifundo vya vidole. Magamba magumu ya plastiki au ya nyuzi za kaboni huvutia macho ya mnunuzi, na kwa sababu hiyo ndiyo yanayoigizwa zaidi. Gamba lenye kazi limeshonwa kuzunguka ukingo wake na lina sponji chini yake. Lililobandikwa kwa gundi juu ya kitambaa huchomoka likivutwa kwa kidole, na joto la Mwanza hulainisha gundi hiyo mapema zaidi.

Mkanda wa kifundo cha mkono. Glavu inayovuka wakati wa kuanguka ni sawa na kutovaa kabisa. Jaribio lake ni rahisi: mnunuzi anavaa glavu, anafunga mkanda, anakunja vidole nusu, kisha mtu mwingine anavuta kwa nguvu kwenye ncha za vidole. Ikitoka, haifai. Mkanda wa velkro unaojaa nyuzi na vumbi hupoteza nguvu, kwa hiyo husafishwa kwa mswaki mkavu.

Ukubwa. Kipimo huchukuliwa kwa futi ya fundi cherehani kuzunguka kiganja chini ya vifundo vya vidole, bila kidole gumba. Glavu hujaribiwa mkono ukiwa umefumbwa kama unaoshika usukani, si ukiwa umenyooshwa. Ngozi isijikunje kiganjani, na ncha za vidole zisikazwe. Ngozi ya mbuzi hutanuka kidogo baada ya siku kadhaa, reksini haitanuki.

Mazingira ya Mwanza na mwambao wa ziwa

Mwanza iko karibu na ikweta, kwenye kimo cha takribani mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali mwaka mzima, lakini alfajiri na wakati wa mvua upepo wa ziwani huweza kuganzisha vidole vya dereva aliye kwenye mwendo. Mvua hunyesha hasa katika vipindi viwili, vuli na masika.

Joto na jasho ndivyo vinavyowafanya waendeshaji wengi waache glavu au wazikate vidole. Kukata vidole hurahisisha kuhesabu chenji na kutumia simu, lakini huacha wazi ncha za vidole na pia hukata mishono iliyokuwa ikishikilia vidole vyote, kwa hiyo glavu huanza kufumuka. Chaguo bora zaidi ni glavu yenye vidole kamili, ngozi ya mgongoni yenye matundu madogo ya hewa, na isiyo na bitana nene. Zipo pia zenye kidole cha shahada kinachoweza kugusa kioo cha simu.

Mvua ya ghafla huibua swali la glavu zisizopitisha maji. Hizi huwa na utando ndani yake, huhifadhi joto, na zikishalowa huchelewa sana kukauka. Kwa mvua fupi zenye ngurumo, jozi mbili za glavu nyepesi zinazobadilishana hutumika vizuri kuliko jozi moja nzito. Jozi iliyolowa hupata siku ya kukauka kivulini.

Wanaobeba samaki kutoka masoko kama Mwaloni, Kirumba, wana tatizo la pekee. Maji ya samaki yakiingia kwenye ngozi huleta harufu na bakteria, na ngozi huoza ikikaa imefungwa ndani ya mfuko. Inafaa kutumia glavu za mpira wakati wa kupakia na kushusha, na kuvaa za pikipiki mikono ikiwa mikavu.

Barabara nazo hutofautiana. Lami ya barabara kuu za kwenda Musoma na Shinyanga huchubua kwa mwendo mkubwa. Barabara za vumbi, za changarawe na zile za mawe katika makazi ya milimani huleta maanguko ya mwendo mdogo, ambapo mawe yenye ncha hutoboa kiganja. Mwendo mdogo haupunguzi haja ya tabaka la pili kiganjani.

Baadhi ya bodaboda zina mifuko ya kukinga upepo iliyofungwa kwenye usukani. Mifuko hiyo hupunguza baridi na mvua, lakini hubaki kwenye pikipiki mtu anapoanguka, hivyo haihesabiwi kuwa kinga ya ajali.

Viwango na alama

Kiwango kinachotajwa zaidi ni EN 13594 cha Ulaya, kilichotolewa mwaka 2002 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2015. Kina ngazi mbili. Katika jaribio la msuguano kipande cha kiganja huangushwa juu ya mkanda wa msasa unaozunguka kwa kasi. Ngazi ya 1 hutakiwa kustahimili angalau sekunde 4 na ngazi ya 2 angalau sekunde 8 kabla ya kutoboka. Sekunde za mashine si sawa kabisa na sekunde za barabarani, lakini husaidia kulinganisha glavu moja na nyingine. Kiwango hupima pia nguvu ya mishono na uwezo wa glavu kutovuka mkononi. Herufi KP humaanisha kwamba kinga ya vifundo vya vidole imepimwa. Ni lazima kwa ngazi ya 2.

Lebo halali hushonwa ndani ya glavu na huonyesha picha ndogo ya pikipiki, namba ya kiwango na ngazi. Herufi CE peke yake, hasa zikiwa zimechapwa nje kama pambo, si uthibitisho wa lolote.

Glavu mpya na za mtumba

Kwenye maduka ya vipuri glavu mpya za bei ndogo mara nyingi ni za kitambaa na reksini zenye magamba ya plastiki. Kwenye masoko ya mitumba, kama Mlango Mmoja, huweza kupatikana glavu za ngozi halisi zilizotumika. Glavu ya ngozi ya mtumba iliyo nzima huweza kuwa na kinga bora kuliko mpya ya reksini, lakini inahitaji kukaguliwa: kiganja kisiwe kimekwanguka, ngozi isiwe kavu kiasi cha kutoa sauti ikikunjwa, na mishono ivutwe kwa vidole viwili ili kuona kama inaachia. Alama za mikwaruzo ya kuteleza kiganjani humaanisha kwamba glavu ilishapata ajali, na haifai kununuliwa.

Bei hulinganishwa vizuri kwa kugawanya na miezi ya matumizi. Jozi ya bei ndogo inayobadilishwa kila baada ya miezi 3 huwa imegharimu mara 4 ya bei yake mwaka unapoisha.

Matunzo na ukarabati

Jasho lina chumvi, na chumvi hukausha ngozi na kudhoofisha uzi. Glavu za kazi ya kila siku hufutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo kila jioni na kuoshwa ndani mara kwa mara kwa maji vuguvugu na sabuni laini. Jiki na sabuni kali za unga hazitumiki. Petroli nayo huondoa mafuta ya asili ya ngozi, kwa hiyo glavu huvuliwa wakati wa kujaza mafuta au kutengeneza injini.

Glavu hukaushwa kivulini penye upepo, vidole vikielekea juu. Kuzianika juani juu ya tanki au kuzilaza karibu na bomba la moshi huzifanya zikakamae na kupasuka. Zikikauka hupakwa mafuta ya kulainishia ngozi au dawa ya viatu isiyo na rangi, kwa kiasi kidogo.

Mshono ulioachia hushonwa mapema na fundi viatu, kwa uzi wa poliesta na kupitia mashimo yaleyale ya awali. Mashimo mapya huidhoofisha ngozi. Gundi ya haraka haifai, kwa sababu hukauka na kuwa ngumu, kisha ngozi hupasuka pembeni yake. Kiganja kilichoanza kulika kinaweza kuongezewa kiraka cha ngozi kabla hakijatoboka.

Glavu huachwa kabisa ikiwa kiganja kimetoboka, ikiwa mkanda haushiki tena, au ikiwa imeshateleza barabarani katika ajali hata kama kwa nje inaonekana nzima. Nyuzi za ndani zikishakatika hazionekani, na glavu hiyo haitatoa sekunde ilizotoa mara ya kwanza.

Tazama pia

Bodaboda
Kofia ngumu
Ngozi
Pikipiki
Usalama barabarani